Nimepigwa kashoti nikipunguza tolueni kwenye pipa, ni kawaida au ni hatari?

stoo_mpya

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada kwa wenye ujuzi na hizi kemikali. Hii ni wiki ya pili tangu nihamishiwe stoo ya karakana, kabla ya hapo nilikuwa upande wa kupaka rangi kwa hiyo tina (ya kuyeyushia rangi) na jamii yake naijua kwa kuitumia, kuitunza ndio sijui. Kazi yangu kubwa sasa ni kupunguza tolueni, kiyeyushi cha rangi cha jamii hiyohiyo ya tina, toka pipa la lita 200 kwenda kwenye madumu ya plastiki ya lita 20, mafundi wanakuja kuchukua. Aliyenikabidhi kazi alinionesha hivi: pipa limesimama, unazamisha mpira, unavuta kwa mdomo mpaka ianze kushuka halafu fasta unautumbukiza kwenye dumu. Basi. Habari za usalama aliniambia moja tu, usivute sigara humu ndani.

Sasa jana nilijaza madumu matatu mfululizo, nikawa nanyoosha mkono kuchukua kizibo cha pipa nikasikia tap! kwenye kidole, kashoti kadogo kama kale ka kuvua sweta gizani. Waya wa umeme hata mmoja hakuna pale karibu. Nimekaa nalo kichwani usiku kucha.

Kwa hiyo naulizia hiyo shoti inatoka wapi na kama inaweza kuwasha moto. Halafu kuna mapipa matupu saba nyuma ya stoo, fundi mmoja wa kuchomelea anataka mawili ayakate kwa grenda apate vya kuwekea vyuma chakavu, anasema yameshakauka kabisa, nimpe? Na jambo lingine ikifika jioni kichwa kinagonga na masikio yanavuma, sijui ni hii kitu au ni kelele za mashine tu. Natanguliza shukrani.

---

Kizibo77

Kabla hujasoma majibu ya wengine, huo mpira usirudi mdomoni mwako tena, hata leo, hata dumu moja la mwisho. Tolueni ni nyepesi sana na inateleza, ikikupalia hata funda dogo haishuki tumboni kwa adabu, inakimbilia kwenye mapafu na yakishaingia hayo mambo unapata homa ya mapafu ya kemikali, unaweza kuwa unajisikia vizuri saa ya kwanza na saa chache baadaye unahangaika kupumua. Na ukimeza kwa bahati mbaya mtu asikulazimishe kutapika wala asikupe maziwa, kutapika ndio kunairudisha njia ileile ya mapafu. Unakwenda hospitali na unawatajia jina la kemikali.

Pampu ya mkono ya kufunga juu ya pipa ipo na ni kitu cha kawaida kabisa, mwambie bosi.

---

babu_wa_mapipa

stoo_mpya umefanya vizuri kuuliza, wengi hiyo tap wanaicheka.

Huo ni umeme tuli. Tolueni haipitishi umeme karibu kabisa, sasa inapokimbia ndani ya mpira wa plastiki inasuguana na kuokota chaji, inafika kwenye dumu ikiwa na chaji yake, na dumu nalo ni la plastiki kwa hiyo chaji haina pa kutokea, inakaa humo inajikusanya. Wewe nawe umesimama pembeni na viatu vya soli ya mpira, umechajiwa bila kujua. Ulipogusa kizibo cha chuma ikapata mlango. Ndio tap.

Sasa sikiliza hapa. Ili kuwasha mvuke wa tolueni uliochanganyika na hewa kwa kiwango kinachofaa inatosha cheche ya milijuli 0.24 hivi (milijuli ni kipimo cha nguvu ya cheche). Binadamu anaanza kuisikia cheche kwenye ngozi ikifika kama milijuli 1. Maana yake ile uliyoisikia ilikuwa na nguvu ya kuwasha mara kadhaa, na zipo ambazo hukuzisikia kabisa nazo zingeweza. Hukuungua kwa sababu pale kidole kilipokuwa, kwa sekunde ile, mvuke na hewa havikuwa kwenye kipimo chake. Ungekuwa umeinama juu ya tundu la pipa tungekuwa tunaongea mengine.

Kipimo chenyewe ndio watu hawakijui. Kinachoungua sio yale maji unayoyaona, ni mvuke wake, na mvuke wa tolueni unawaka ukiwa kati ya asilimia 1.1 na 7.1 hivi ya hewa. Chini ya hapo ni mchache, juu ya hapo umezidi hewa haitoshi. Sasa fikiria ndani ya pipa lililofungwa kwenye chumba chenye nyuzi joto 20, mvuke unaojaa ule uwazi wa juu ni karibu asilimia 3. Chumba kikiwa na nyuzi 30 ni kama asilimia 5. Umeona? Katikati kabisa ya eneo la kulipuka, mchana na usiku, bila mtu kufanya lolote. Petroli watu wanaiogopa zaidi lakini ndani ya tenki la petroli lililofungwa mvuke kwa kawaida ni mwingi mno hata kuwaka haiwezi, hatari yake iko nje ya tenki. Tolueni hatari iko nje na ndani. Mimi ndio maana naiheshimu kuliko petroli ingawa wenzangu wananicheka.

Na isikudanganye ikiwa ya baridi, inaanza kutoa mvuke wa kuwaka kuanzia nyuzi 4 tu, yaani hata ukiiweka kwenye friji bado iko mpakani.

Nini ufanye. Madumu ya plastiki achana nayo, mbali na umeme tuli tolueni yenyewe inalainisha plastiki ya namna hiyo, angalia dumu la zamani pale stoo utakuta limevimba mbavu. Tumia kopo la chuma la usalama lenye kifuniko cha springi. Chukua waya wenye vibanio viwili, kimoja uume kwenye pipa kingine kwenye kopo, halafu waya mwingine toka pipani kwenda kwenye ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini. Vibanio unaviweka KABLA hujafungua kizibo na unavitoa MWISHO ukishafunga, sio katikati, maana kuunganisha au kutenganisha huku mvuke umejaa ndio kutengeneza cheche kwa mkono wako mwenyewe. Bomba la kujazia lifike chini ya kopo, isimwagike toka juu kama maji ya mvua, na uanze polepole mpaka mdomo wa bomba uzame. Faneli kama ipo iwe ya chuma na iguse kopo.

Kuna ajali moja ya Marekani, Des Moines jimbo la Iowa, Oktoba 2007, bodi yao ya kuchunguza ajali za kemikali iliichambua vizuri. Jamaa alikuwa anajaza tenki dogo la chuma kwa ethili asetati, kiyeyushi kingine kinachowaka, akaweka nozeli (mdomo wa mpira wa kujazia) kwenye tundu la juu, akaning'iniza kipande cha chuma kwenye nozeli ili isichomoke, akafungua valvu akaenda upande wa pili wa chumba kufanya kazi nyingine. Akasikia mlio wa pop. Kugeuka tenki linawaka na nozeli iko chini sakafuni inaendelea kumwaga. Tenki lilikuwa na njia ya ethi lakini nozeli na kile chuma cha kuning'iniza havikuunganishwa na chochote, mpira ukavitenga. Kipande kimoja cha chuma kisichounganishwa, ndio hicho tu. Kwa hiyo hata wewe usije ukaning'iniza ndoo ya chuma kwenye koki kwa mkono wake wa plastiki ukadhani umeunganisha.

---

mkongwe_15

Mnamtisha dogo bure. Mimi miaka 15 napunguza tina, tolueni, asetoni, zote kwa mpira na madumu ya plastiki, kashoti napigwa kila wiki na niko hapa naandika. Tungekuwa tunalipuka hivyo karakana zote zingekuwa zimeisha. Vitabu ni vitabu na kazi ni kazi.

---

babu_wa_mapipa

mkongwe nakusalimu kwa heshima, lakini miaka 15 inaonesha kwamba mara elfu kadhaa cheche haikukutana na mvuke mahali pamoja, haioneshi kwamba haviwezi kukutana. Siku hewa ikiwa kavu kuliko kawaida chaji inakaa muda mrefu, siku wamekuletea pampu yenye kasi zaidi chaji inaongezeka, siku wameweka chujio kwenye mpira inaongezeka zaidi, na hakuna anayekuja kukutangazia leo masharti yamebadilika.

Halafu umechanganya asetoni humo na sio sawa. Asetoni inapitisha umeme vizuri kidogo, kwa umeme tuli yenyewe ina afadhali, ila inaanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hapo ni kali kuliko tolueni. Kila moja ina tabia yake, ndio maana kuna karatasi ya usalama inayokuja na mzigo. Ile karatasi wengi wanafungia nayo vitu.

---

mchomeleaji_mstaafu

Nimekuja kwa ajili ya swali la mapipa matupu tu.

USIMPE.

Nilikuwa kijana bado najifunza kuchomelea. Kulikuwa na pipa la tina limekaa nje zaidi ya mwezi, kizibo hakipo, jua limelipiga, mvua imelipiga, ukinusa husikii kitu. Supavaiza akasema hilo limeshakufa, kata juu tupate pipa la kuwekea maji ya kupozea vyuma. Mimi nikajiona mjanja nikaliosha kwanza kwa maji na sabuni, nikalipindua, nikasubiri likauke. Waya wa grenda ulikuwa mfupi, haukufika upande niliotaka, ikabidi nipige goti ubavuni badala ya kusimama juu ya mfuniko. Nakumbuka diski iligusa, cheche za kwanza zikaruka, nadhani sikufikisha hata sentimita mbili za mkato.

Mlio sikuusikia, niliuhisi kifuani. Mfuniko wa juu uling'oka wote ukapanda ukatoboa bati la paa ukabaki umekwama huko kama sahani. Kitako cha pipa kikavimba kama mpira. Nyusi zangu zote mbili ziliondoka na sikio la kushoto nikakaa siku tatu nasikia kengele. Ule waya mfupi ndio ulioniokoa, ningekuwa nimesimama juu ya ule mfuniko kama kawaida ya mtu anayekata pipa.

Baadaye sana ndio nikaelewa. Kule kwenye mkunjo ambapo kitako kinashikana na ubavu kuna mfereji mdogo, kimiminika kinajificha humo, kinachanganyika na kutu na masalia ya rangi, pua haikioni. Ukija na grenda unapasha joto, kinageuka mvuke, na cheche unazo mkononi. Maji na sabuni hayasaidii kitu, hizi kemikali hazichanganyiki na maji zinabaki zimeng'ang'ania.

Mtu atakuambia fungua kizibo lipumue wiki mbili. Mwambie pipa langu lilipumua zaidi ya mwezi.

---

babu_wa_mapipa

Naongezea hesabu kwenye hiyo ya mchomeleaji. Pipa la lita 200, ili lifike kile kiwango cha chini cha kulipuka linahitaji kama mililita 10 tu za tolueni zigeuke mvuke. Mililita 10 ni vijiko viwili vya chai. Sasa pipa ambalo fundi kaliinamisha kalimwaga mpaka tone la mwisho, unadhani halijabaki na vijiko viwili? Pipa lililojaa lina uwazi mdogo wa mvuke juu, hili tupu ni mvuke mtupu toka juu mpaka chini. Kwa hiyo matupu yafungwe vizibo vyake kama yaliyojaa, yabaki na lebo, yakae mbali na kazi za moto, yarudi kwa aliyeyaleta au kwa wanaosafisha mapipa kwa mvuke wa maji na vifaa vyao. Fundi anataka pipa la vyuma chakavu atafute ambalo halijawahi kubeba kitu kama hiki.

---

nesi_wa_kiwanda

Nimeona watu wamejibu moto, kichwa kimesahaulika. Kaka stoo_mpya kichwa kugonga jioni, kizunguzungu, kujisikia kama umelewa kidogo, hiyo ni tolueni inafanya kazi yake kwenye ubongo. Na kuhusu masikio ni vyote viwili: tolueni yenyewe inadhuru usikivu, na ukichanganya na kelele za mashine madhara yanakuwa makubwa kuliko kila kimoja peke yake. Watu wengi hawajui hili, wanavaa vya kuziba masikio halafu wanavuta mvuke siku nzima. Naomba ukapimwe masikio mapema, usisubiri.

Pua usiitegemee. Mara ya kwanza kuingia stoo unaisikia harufu kali, baada ya dakika kumi unadhani imepungua kumbe pua ndio imechoka. Marekani kiwango cha kisheria ni sehemu 200 za mvuke kwa milioni ya hewa kwa wastani wa saa nane na wataalamu wengi wanataka iwe chini sana ya hapo, wapo wanaosema 20. Kiwango cha kulipuka ni kama sehemu 11,000 kwa milioni. Nataja hivi ujue kwamba mwili unaumia mapema sana kabla hewa ya chumba haijafika kulipuka, kwa hiyo "hapa hakuwezi kulipuka" haina maana unapumua salama.

Barakoa ya vumbi au ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo, inakupa moyo tu. Inatakiwa ile yenye makopo ya mkaa kwa ajili ya mvuke wa kemikali kama hizi na makopo yanachoka, yanabadilishwa. Glavu zile nyembamba za hospitali tolueni inazipenya ndani ya dakika chache, na hata ukibadilisha soma aina, maana glavu za butili (aina ya mpira) zinafaa sana kwa asetoni ila kwa tolueni hazifai, ndio vituko vya hizi kemikali. Na tafadhali msinawe mikono kwa tina ili kutoa rangi, mnajitoa mafuta ya ngozi halafu mnakuja kwangu na mikono imepasuka kama tope kavu. Kama kuna dada mjamzito anafanya kazi humo ahamishwe, hilo halina mjadala.

Hewa: mvuke wa tolueni ni mzito kama mara tatu ya hewa, unatambaa chini, unaingia kwenye mitaro na mashimo, unaweza kusafiri mpaka kwenye jiko au mashine ya kuchomelea chumba cha pili ukawaka kule na moto ukarudi kwako. Kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi, matundu ya kutolea hewa yawe usawa wa sakafu. Msije mkaweka feni ya kawaida ya mezani ipulize pale, mota au swichi yake inaweza kutoa cheche.

---

Kizibo77

Nesi kamaliza. Mtungi wa kuzimia moto uwe wa poda au povu, ukae mlangoni na sio nyuma ya mapipa ambako utaufuata ukipita motoni. Maji ya bomba hapana, tolueni inaelea, utakuwa unausambaza moto sakafu nzima.

---

stoo_mpya

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Yule fundi nimemwonesha ile ya mfuniko kwenye bati akakaa kimya halafu akasema basi tafuta pipa lingine. Mpira nimeutupa. Pampu ya mkono ilikuwepo stoo muda wote kwenye boksi lake haijawahi kufunguliwa, sina la kusema. Masikio nimepangiwa kupima Alhamisi. Bosi kanunua kopo moja la chuma kwa majaribio na mimi nimetengeneza waya wenye vibanio.

Shida iliyobaki: nikiweka kibanio kwenye pipa kinashika vizuri tu ila jamaa wa umeme kaja na mita yake anasema haisomi, kama vile waya umekatika. Waya mzima tumeupima.

---

babu_wa_mapipa

Hahaha, umeuma rangi. Pipa lina rangi nene na kibanio chako bapa kimekaa juu ya rangi, ni kama kushika umeme na glavu. Tafuta kibanio chenye ncha au skrubu inayochimba, au kwangua ukingo wa juu wa pipa mpaka uone chuma kinang'aa, ila kwangua pipa likiwa limefungwa vizibo vyote na kwa tupa ya mkono taratibu, sio grenda tafadhali. Halafu mwite jamaa arudi na mita apime toka kopo mpaka ethi, sio waya peke yake.

---

stoo_mpya

Imesoma. Ilikuwa rangi. Na kopo nalo lina rangi chini ya mkono, nimekwangua hapo pia.